Tukabisha Hadi Magharibi

Sentensi yenyewe ilikuwa fupi, nami sijaisahau: "Upepo ulikuwa wa mbele, tukabisha hadi magharibi." Iliandikwa na msichana wa kidato cha pili, kwa wino wa buluu, katika insha ya safari niliyolipa darasa zima siku ya Ijumaa. Alikuwa mgeni shuleni. Baba yake, mtumishi wa serikali, alikuwa amehamishwa kutoka Lamu akaletwa mjini Wote, naye binti akaja na sanduku lake la bati na Kiswahili chake, katika shule ambayo wengi wetu, walimu kwa wanafunzi, huota ndoto zetu kwa Kikamba.

Kitenzi kile nikakizungushia duara jekundu. Pembeni nikaandika: msamiati. Na chini yake, kwa kuwa nilikuwa kijana na nilipenda kueleza, nikaongeza: Watu hubisha, chombo hakibishi.

Jumatatu akaja majilisi baada ya kipindi cha mwisho, daftari amelikumbatia kifuani. "Samahani, mwalimu," akasema. "Kwetu chombo hubisha." Nikamwambia kwamba kwenye mtihani hakuna kwetu wala kwenu, kuna Kiswahili sanifu. Akanyamaza, akaitazama sakafu. Nilidhani yamekwisha, nikarudia kusahihisha. Kisha akasema tena, kwa sauti ile ile ya chini: "Lakini mwalimu, upepo ukitoka mbele, chombo hubisha. Hakuna neno lingine." Ndipo nilipomwambia, bila hata kuinua macho: "Usiwe mbishi."

Sijui kama aliona kilichokuwa kimetokea hapo. Mimi sikukiona. Nilimkataza mtoto neno, kisha nikalitumia neno lile lile, mzizi ule ule, kumfungia mlango. Alisema, "Ndiyo, mwalimu," akatoka. Baada ya mihula miwili baba yake akahamishwa tena, naye akaondoka nalo sanduku lake. Insha zake za baadaye zilikuwa safi. Hazikuwa na kosa la msamiati hata moja, na hazikuwa na bahari.

Wote ni mji wa nchi kavu. Nilizaliwa ng'ambo ya Kaiti, na huo Kaiti ndio mto wa kwanza kuujua. Mto ambao maji yake huonekana majuma machache ya mvua, kisha hugeuka kuwa barabara nyeupe ya mchanga, na anayetaka kunywa huchimba. Bahari niliiona nikiwa chuoni, mara moja, kutoka kwenye feri ya Likoni, nimebanwa katikati ya watu na baiskeli. Hayo ndiyo yaliyokuwa maarifa yangu yote ya bahari. Hata hivyo nilikuwa na shahada ya Kiswahili, na kila mwaka niliwafundisha watoto methali ile ya enda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Niliifundisha kama nilivyofundishwa: tezi ni nyuma ya chombo, omo ni mbele, ngamani ni, basi, ni nyumbani. Hakuna aliyewahi kuniuliza ngama ina sura gani. Wangeniuliza, nisingekuwa na la kujibu.

Siku hizi nikitembea sokoni Wote nasikiliza maneno kwa sikio lingine. Mama muuza maembe anasema biashara imekwenda mrama. Hajui, na hahitaji kujua, kwamba mrama ni mwendo wa chombo kinachoyumbishwa na mawimbi. Vijana uwanjani humwita mkubwa wa timu nahodha. Mwanasiasa akipanda jukwaani huomba ashike usukani. Tunaishi ndani ya nyumba iliyojengwa na mabaharia, nasi wa bara ni kama wapangaji: tunajua mlango uko wapi na taa zinawashwa wapi, lakini hatukuwapo msingi ulipochimbwa. Na mimi nilikuwa mpangaji aliyesimama mlangoni akimzuia binti wa mwenye nyumba asiingie.

Niligundua kosa langu kwa bahati tu. Ilikuwa miaka kadhaa baadaye, nilipokuwa nikitafuta neno lingine katika kamusi ya zamani ya Frederick Johnson, ile ya 1939, ambayo mwalimu mmoja aliyestaafu alikuwa ametuachia. Kidole kikapita kwenye bisha. Kubisha mlango, kubisha maneno, na kisha, bila kishindo, chombo kwenda kinyume cha upepo, kwa kwenda huku na huku. Na karibu na hapo mbisho, na pepo za mbisho, zile pepo za mbele. Neno lilikuwa limechapishwa hata kabla baba yangu hajazaliwa. Nilifunga kamusi, nikaifungua tena, kana kwamba lingekuwa limeondoka.

Ningependa kusema kwamba siku hiyo nilijifunza. Ukweli ni kwamba nilijua nimekosea, lakini sikujua nimekosea nini. Nilikuwa na maana ya kamusi mkononi, mstari mmoja, nikauweka kichwani pamoja na mistari mingine ya namna hiyo. Nilianza hata kuutumia darasani kama pambo, kuonyesha kwamba ninajua maana ambayo wengine hawaijui. Nikiukumbuka ule wakati naona aibu kuliko nikikumbuka lile duara jekundu. Asiyejua ana nafasi yake ya kusamehewa. Mimi nilikuwa nimejua, nikajivalia.

Kilichonipeleka Lamu ni harusi. Mwalimu mwenzangu alikuwa anaoa huko, likizo ya Agosti, nami nikateremka. Basi hupita njia ambayo watu wetu waliipita kwa miguu. Katika karne ya 19, kabla ya reli, misafara ya Wakamba ilikuwa ikishuka Mombasa na pembe za ndovu na kurudi na nguo na shanga. Na mwaka 1849 mmisionari Krapf alipanda njia hiyo kutoka Rabai hadi Kitui, akapokelewa na Kivoi, mfanyabiashara mkubwa wa Ukambani, na tarehe 3 Desemba akauona Mlima Kenya kwa mbali. Mtu huyo huyo alikuwa akiandika maneno ya Waswahili wa Mombasa kwenye karatasi zake, mwaka hadi mwaka, na kamusi yake ikatoka 1882, yeye akiwa amekwisha kufa. Mara nyingi nimewaza jinsi maneno ya merikebu yalivyolala usiku ule kwenye mizigo yake, huko Kitui, chini ya miti ya mgunga, siku nyingi za mwendo kutoka maji ya chumvi.

Kaskazini ya Malindi basi likavuka daraja la Sabaki. Nilikuwa nimekaa dirishani. Kaiti humwaga maji yake Thwake, Thwake huingia Athi, Athi ikikutana na Tsavo huitwa Galana, na Galana ikikaribia bahari huitwa Sabaki. Hayo nimeyajua tangu shule ya msingi, kwenye ramani. Lakini kuyaona ni jambo jingine: mto mpana, mwekundu wa udongo, unaingia baharini, na bahari yenyewe imechafuka rangi mpaka mbali. Udongo ule ulitoka kwetu. Nilijihisi kama mtu anayekuta barua yake aliyoipoteza ikisomwa nyumba ya jirani. Tangu lini nilisema kwamba bahari hainihusu?

Siku moja baada ya harusi nikataka kwenda Shela kutoka mjini Lamu. Si mbali, wengine huenda kwa miguu ufuoni, na mashua za mashine huvuka kwa dakika chache. Mimi nikamwendea mzee mmoja mwenye mashua ya tanga, iliyofungwa gatini, na kijana wake amelala kivulini. Akaniuliza kama nina haraka. Nikasema sina. Akaniambia basi tungoje maji yageuke, yaanze kupwa, maana maji ya kutoka yatatusaidia kusogea na upepo hautatusaidia. Tukangoja karibu saa nzima. Sikujua bado kwamba kungoja kule kulikuwa sehemu ya jibu.

Ulikuwa wakati wa kusi. Upepo ulikuwa ukitoka kusini, upande wa Shela hasa, yaani ulitoka kule kule tulikokuwa tunakwenda. Tanga lilipotwekwa, mashua ikainama, na omo ikaelekea Manda, kwenye mikoko, siyo Shela. Nikadhani mzee hakunisikia vizuri. "Tunakwenda Shela," nikamwambia. "Shela, mwalimu," akajibu. "Tunabisha."

Nililisikia neno lile kama mtu aliyeitwa kwa jina lake katika mji wa ugenini. Nilimwomba anieleze, kubisha ni nini hasa. Hakunitazama, macho yake yalikuwa kwenye ukingo wa tanga. "Pepo yatoka tuendako," akasema. "Hakuna tanga liwezalo kuiendea pepo usoni. Basi twaiendea kwa ubavu."

Tukaendelea hivyo hadi mikoko ya Manda ikawa karibu kiasi cha kuona kaa wakikimbia kwenye mizizi. Hapo ndipo nilipoona jambo ambalo kamusi haikuniambia. Nilitarajia kwamba mzee atageuza omo, aipitishe mbele ya upepo, kisha twende upande wa pili. Ndivyo nilivyokuwa nimechora ubaoni, mstari wenye kona kali. Badala yake akaisukuma kana, na mashua ikaugeuzia upepo kisogo. Kwa muda mfupi tulikuwa tunarudi tulikotoka. Shela ilikuwa nyuma yangu. Kijana akailegeza demani, ile kamba inayolizuia tanga, na tanga lote likapeperuka mbele ya omo kama shuka kwenye kamba ya kuanikia. Akaikumbatia foromali, ule mti mrefu unaobeba tanga, akaivuta tako lake hadi ikasimama sambamba na mlingoti, akalipitisha tanga mbele ya mlingoti hadi upande wa pili, miguu yake mitupu ikitafuta pa kukanyaga kati ya viroba vya mchanga. Kisha viroba navyo vikahamishwa, kimoja kimoja, kutoka ubavu huu hadi ule, nami nikaambiwa nihame. Demani ikakazwa upya. Mashua ikainama upande mwingine, ikaanza kuukata upepo tena, na omo sasa ikaelekea mji wa Lamu.

Nilitafuta alama ya kupimia mwendo wetu nikachagua mnara wa msikiti. Tulipoufikia upande wa mji, mnara ulikuwa karibu pale pale. Tulikuwa tumefanya kazi yote ile, kijana anatokwa jasho, na mnara haukusogea. Mara ya pili ulisogea kidogo. Mara ya tatu sikuwa na hakika. Nilianza kuona kwamba hatutafika, na nikaona haya kusema. Mzee alikuwa akitazama maji. Kijana alikaa chini, akachukua dumu lililokatwa nusu, akaanza kufua maji yaliyokuwa yamekusanyika chini kabisa ya mashua, katikati, mahali penye giza na harufu ya mafuta ya samaki. Nikamuuliza mahali pale panaitwaje. "Ngamani," akasema, akishangaa kwamba mtu anaweza kutojua. Kufua maji, ngamani. Ningekutana na maneno hayo kwenye daftari, ningeyazungushia yote.

Nikamsimulia mzee habari ya msichana. Sikujua ni kwa nini. Labda nilitaka mtu wa Lamu aisikie. Aliisikiliza yote. Nilitarajia acheke au anilaumu. Akasema tu, "Kubisha ni tabu, mwalimu. Mwenye nafasi hubisha kwa nini? Hungoja pepo yake." Akanieleza kwamba wazee wake waliopakia boriti za mikoko kwenda Arabuni hawakubisha hata kidogo kama wangeweza kuepuka; walingoja kusi iwapeleke, na vyombo vya Arabuni navyo viliingojea kaskazi ndipo viteremke huku. Mtu hukaa bandarini miezi. Huoa, huzaa, huuza tende. Anayebisha ni mwenye safari fupi au mwenye dharura. Kijana akadakia kutoka ngamani kwamba siku hizi mashine haibishi, yaenda moja kwa moja, na mzee hakumjibu.

Maneno yale yaliniharibia kitu. Nilikuwa tayari nimeanza, kimya kimya, kutengeneza funzo: kwamba kubisha ndiko kuishi, kwamba mwenye busara huukabili upinzani kwa ubavu. Ni ugonjwa wetu walimu. Hatuwezi kuona kitu kikafanyika bila kukitoa funzo. Na hapa mwenye kazi yenyewe ananiambia kwamba kubisha ni tabu, na busara ni kutobisha. Nimelibeba jambo hilo tangu siku ile, na sijui bado niliweke wapi. Tulifika Shela jua limekwisha kushuka, na adhana ya magharibi inasikika. Nililipa, nikashuka majini hadi magotini, nikasimama mchangani nikaangalia mashua ikigeuka. Kurudi mjini hakukuchukua muda wowote. Tanga lilijaa, na ikaenda.

Nilirudi Wote nikiwa na mambo mawili kichwani, neno la mzee na mashaka yake, na nyumbani kulikuwa na jambo lililoningoja. Mwaitu, mama yangu, alikuwa ameanguka mtoni. Hakuvunjika, lakini alikuwa ameteguka mkono, na mimi nilikuwa nimeamua kwamba wakati umefika ahamie kwangu mjini. Jumapili tatu mfululizo kabla ya safari nilikuwa nimekwenda kwake na hoja zangu. Nilizipanga kama insha. Hospitali iko karibu na kwangu. Maji ya bomba. Umri. Naye kila Jumapili alinisikiliza, akanipa chai, akasema hapana. Jumapili ya tatu nilimwambia neno lile lile nililomwambia msichana. Kwa Kikamba, lakini lile lile.

Jumapili ya kwanza baada ya Lamu nilikwenda bila hoja. Nilisema nitamsaidia kuteka maji. Tukashuka Kaiti, nikachimba kwenye mchanga hadi maji yakaanza kukusanyika, tukangoja yatulie, tukajaza madumu manne, tukampakia punda. Ni kazi ambayo sikuwa nimeifanya tangu nilipokwenda shule ya bweni. Njia ya kutoka mtoni kupanda hadi nyumbani ni ya mwinuko mkali, nami nilikuwa naiona kila siku nikiwa mtoto bila kuitazama. Punda hakupanda moja kwa moja. Alikwenda mshazari hadi kwenye mkonge, akageuka, akaja mshazari hadi kwenye jiwe jeupe, akageuka. Mahali pa kugeukia palikuwa pamechimbika kwa kwato za miaka, za punda huyu na wa kabla yake. Hakuna aliyemfundisha. Hata barabara ya kupanda Mbooni huenda hivyo hivyo, na hata vijana wanaosukuma baiskeli za maji mjini kwetu, wakifika kwenye mlima, huanza kukata kona huku na huku. Tulikuwa na jambo lenyewe muda wote. Tulikuwa hatuna neno.

Nilifurahi sana kuliona hilo, nikawa nimenyamaza njia nzima nikilifurahia. Tulipofika juu mwaitu akafungua madumu, akanitazama, akasema: "Leo umenyamaza mno. Kama umekuja kunihamisha, sema nisikie."

Sikuwa na pa kujificha. Ni kweli, nilikuwa nimekuja kumhamisha. Kuteka maji kulikuwa ubavu wangu. Nilikuwa nimedhani kwamba nikienda kwa upande huu, kisha ule, siku moja atajikuta mjini. Yeye akaona tangu mtoni. Nikasema, basi, tukabishana kama Jumapili zile nyingine, labda zaidi. Lakini siku hiyo, kwa mara ya kwanza, tulizungumza pia juu ya mto wenyewe, jinsi mkono unavyomuuma akichota, na juu ya mabati ya nyumba na mvua zinazopotea. Miezi michache baadaye tuliweka tangi la maji ya paa. Bado anaishi kule. Bado nataka ahame. Mvua zikikosa, tangi hukauka, naye hushuka mtoni, na moyo wangu hukosa amani. Sijashinda, wala sijakubali kwamba nimeshindwa, na sijui kama haya ni kwenda mbele.

Hapo ndipo mfano wa chombo unaponitatiza. Upepo hauna moyo. Nahodha akienda Manda ili afike Shela hamdanganyi mtu, maana upepo haujali, na kila aliye gatini anajua anakokwenda. Mtu ni tofauti. Ukimwendea mtu kwa ubavu, yeye anakuona, na ana haki ya kukuuliza unakwenda wapi. Mama yangu alinidai hilo. Nimejaribu kutofautisha kubisha na kuzungukazunguka, na siku nyingine nadhani nimeweza: anayebisha haondoi macho yake kwenye anakokwenda, na hakufichi. Siku nyingine naona kwamba mimi mwenyewe nikiwa katikati ya jambo siwezi kujua nafanya lipi kati ya hayo mawili.

Lakini lililochelewa kuliko yote kunijia lilikuwa dogo. Katika mawazo haya yote, ya mashua na ya mwaitu, nilikuwa nimejipa mahali pamoja tu: nilikuwa ndani ya chombo. Mimi ndiye msafiri, wengine ni upepo. Usiku mmoja nikiwa nasahihisha, kalamu ile ile nyekundu mkononi, nikamkumbuka yule msichana alivyokuja na daftari kifuani. Akasema, akanyamaza, akatazama sakafu. Nilidhani amerudi nyuma. Kisha akasema tena, kwa sauti ile ile, akiwa karibu kidogo zaidi na anachotaka kusema. Alikuwa anabisha. Alikuwa anafanya mbele yangu jambo lile lile alilolieleza kwenye insha, kwa ustadi na kwa adabu ya kwao, na upepo wa mbele nilikuwa mimi. Mara ya tatu hakujaribu. Alilitua tanga.

Sasa ni mtu mzima, bila shaka ana watoto. Nimewahi kufikiri kumtafuta. Nchi yetu si kubwa kiasi hicho, na walimu hujuana. Kila mara najiuliza nitamwambia nini, na naona kwamba sehemu kubwa ya hamu yangu ni ya kutaka mimi nipumzike. Huenda yeye amesahau. Huenda hakusahau, na simu yangu itakuwa duara jekundu jingine. Sijaamua.

Nimebaki na neno. Mwaka uliopita nililifundisha kidato cha tatu, bila pambo safari hii. Niliwasimulia kisa cha daftari kama kilivyokuwa, bila kutaja jina, na niliona jinsi walivyotulia. Mwalimu akisema nilikosea darasa hunyamaza kwa namna yake. Kisha nikachora ubaoni: mshale wa upepo ukishuka kutoka juu, na chombo kikipanda kuuelekea, mshazari kushoto, kona, mshazari kulia, kona, kama njia ya punda. Nikawaeleza jinsi mzee alivyougeuzia upepo kisogo, jinsi kijana alivyolizungusha tanga mbele ya mlingoti.

Mvulana mmoja wa nyuma, ambaye kwa kawaida hasemi, akainua mkono. "Mwalimu, mchoro wako una makosa."

Nikamuuliza yapo wapi.

"Umesema wanageuza kisogo kwanza. Basi pale kwenye kona chombo kinashuka kidogo, kinazunguka, ndipo kinapanda. Haiwezi kuwa kona. Lazima kuwe na kitanzi."

Nilitazama ubao. Nilitaka kusema kwamba ni mchoro tu, kwamba kona inatosha kwa kuelewa. Maneno yalikuwa tayari mdomoni, na niliyajua yalikotoka. Nilimpelekea chaki. Akaja mbele, akafuta kona ya kwanza kwa kiganja, akachora kitanzi kidogo kinachoteremka kisha kinainuka, akafuta ya pili, akachora cha pili. Alichora polepole, ulimi umetokeza pembeni mwa mdomo, nami nikaenda kukaa kwenye dawati lake, kule nyuma, nikimwangalia.